Kiboko Kisicho na Daftari: Barua ya Wazi Kutoka Gatongora

Kwa:
Mkurugenzi wa Elimu, Kaunti Ndogo ya Ruiru
Mkurugenzi wa Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC), Kaunti Ndogo ya Ruiru
Waziri wa Elimu, Serikali ya Kaunti ya Kiambu
Walimu wakuu, wenye shule za kibinafsi na wenye vituo vya kulelea watoto, Wadi ya Gatongora

KUH: KUCHAPWA KWA WATOTO SHULENI NA KATIKA VITUO VYA MALEZI

Waheshimiwa, na walimu wetu,

Mimi ni mzazi na mkazi wa Gatongora, upande huu wa Ruiru ambako mashamba ya kahawa yamekatwakatwa yakawa ploti, ploti zikaota magorofa ya kupangisha, na huwezi kutembea dakika tano bila kukutana na bango la akademi. Ningeweza kuleta barua hii mkononi ikagongwa muhuri na kutiwa kwenye faili. Nimeiandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe hufanyika hadharani: kwenye gwaride la asubuhi, langoni kwa waliochelewa, darasani madirisha yakiwa wazi. Anayepita njia na kikapu chake cha sokoni huhesabu viboko akaendelea na safari. Kwa hivyo sitajifanya kuwa nawaletea habari mpya.

1. Sheria haina utata wowote

Kiboko kilifutwa katika shule za Kenya mwaka wa 2001, Kalonzo Musyoka akiwa Waziri wa Elimu, kwa Ilani ya Kisheria nambari 56. Aliyekuwa darasa la kwanza mwaka huo sasa ana watoto wake, naye anawaleta kwenu, nao wanachapwa. Kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya viboko na dhidi ya ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka serikalini au kwa mtu binafsi. Cha 53 kinarudia kinga hiyo kwa mtoto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, katika sehemu ya 36, inamwekea anayemtesa mwanafunzi, kwa mwili au kwa akili, faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Haibagui shule ya umma na ya kibinafsi. Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya 2022.

Mahakama zetu nazo ziliondolewa uwezo wa kumhukumu mtu viboko mwaka wa 2003. Jambazi aliyevunja duka la M-Pesa hachapwi. Mtoto wa gredi ya pili aliyesahau penseli nyumbani anachapwa.

Hatuombi sheria nyingine, basi. Bunge lilishamaliza kazi yake.

2. Zamani kiboko kilikuwa na masharti

Hili ndilo linalonikera kuliko yote, na naomba mlisome polepole, hasa nyinyi walimu vijana ambao huenda hamjawahi kuiona karatasi yenyewe. Kanuni za nidhamu shuleni za mwaka wa 1972, zile zilizoruhusu kiboko, ziliweka masharti haya: achape mwalimu mkuu mwenyewe, mbele ya shahidi. Uchunguzi ufanywe kwanza. Mtoto asiadhibiwe mbele ya wenzake. Visizidi viboko sita. Wavulana matakoni, wasichana kwenye kiganja. Na kila tukio liandikwe.

Sizisifu kanuni hizo. Zilikuwa mbaya, tena hazikufuatwa. Shirika la Human Rights Watch lilipotoa ripoti yake kuhusu kiboko katika shule za Kenya mwaka wa 1999, lilionyesha walimu wa kila ngazi wakichapa kwa jambo lolote na kwa chombo chochote, na watoto wakiumia vibaya. Lakini angalau mzazi aliyekwenda shuleni angeweza kuuliza: daftari liko wapi? Nani alishuhudia? Ni viboko vingapi?

Leo anachapa nani? Mwalimu wa zamu. Mwalimu wa mazoezi ambaye hajamaliza chuo. Kiranja wa gredi ya nane. Katika shule fulani ya huku kwetu, utingo wa basi la shule. Wanachapa kwa chombo gani? Kwa mpira wa bomba, kwa waya wa stima uliokunjwa mara mbili, kwa ubavu wa rula kwenye vifundo vya vidole, kwa mguu wa kiti kilichovunjika. Wanaandika wapi? Hapana mahali. Tangu 2001 tumefaulu kufuta daftari tu, na shahidi, na ile hesabu ya sita.

Ndiyo maana kila mnapoulizwa, jibu huwa tayari: "Hapa kwetu hatuchapi." Mnaweza kusema hivyo mbele ya afisa yeyote, kwa sababu hakuna karatasi ya kuwaumbua.

Karatasi tuliyo nayo sisi ni ngozi. Jumamosi ni siku ya kufua, na katika ploti nyingi za huku watoto huogeshwa kando ya bomba la uani, kila mtu akiona. Mpira huacha mistari miwili iliyovimba, katikati pamepauka. Waya uliokunjwa huacha kitanzi. Rula haiachi kitu baada ya siku mbili, ila mtoto hashiki kijiko vizuri. Nimemwona mama mmoja akitazama paja la mtoto wa jirani, akiwa na sabuni mkononi, akaitaja shule ya mtoto huyo kabla ya kuambiwa. Alikuwa sahihi. Mwingine akacheka, wakaendelea kusuuza.

3. Wale ambao hawajui bado kusema

Mjadala wa kiboko nchini huwa ni wa wanafunzi wakubwa, wenye kujua kujieleza. Mimi nataka tuzungumze kuhusu wenye miaka miwili.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Gatongora imeshaamka. Mama anayewahi kiwanda Ruiru au Thika, anayekwenda mjengo Tatu City, anayetafuta matatu ya Nairobi kabla barabara kuu haijafunga, anapitia kwanza mlango fulani kwenye orofa ya chini ya gorofa fulani. Anabisha. Anampokeza mwanamke aliyejifunga leso mtoto aliyelala, chupa ya uji na nepi mbili. Hulipa kwa siku, jioni akirudi. Bila vituo hivi, maelfu ya akina mama wasingekuwa na kazi, na nusu ya kodi za nyumba mtaani humu isingelipwa. Wengi wa wanaoviendesha ni wanawake wema, wenye moyo kuliko mfuko. Nalisema hili mapema ili mtu asije akasema nawachukia.

Lakini kwa chumba kimoja, mwanamke mmoja, na watoto wanaoendelea kuingia hadi saa mbili, ni lazima kitu kiishe. Kinachoisha ni subira. Mwiko huwekwa juu ya dirisha mahali ambapo kila mtoto anauona. Kandambili nayo haiko mbali. Anayekojoa baada ya kuvuliwa nepi, anayetema uji, anayelia wenzake wakilazwa, anayemuuma mwenzake mkono: hayo ndiyo makosa. Kwa mtoto wa miaka miwili hayo si makosa, ni umri. Hawezi kubana mkojo kwa kuogopa mwiko. Anachoweza ni kujifunza kuogopa poti, kuogopa kikombe, kuogopa asubuhi. Na kuna adhabu zisizoacha alama: kufungiwa chooni, kufinywa nyuma ya sikio, kuambiwa mama hatarudi.

Mtoto huyu hawezi kuja nyumbani akasema, "Nimepigwa." Anachofanya ni kung'ang'ania shingo ya mama wanapokaribia mlango. Naye mama, saa imekwenda na msimamizi kazini hukata nusu siku kwa aliyechelewa, hujiambia ni deko.

Mheshimiwa Waziri wa Kaunti, hapa nakugeukia wewe. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Si kazi ya wizara ya Nairobi, wala ya TSC. Ni yako. Majirani zetu wa Kaunti ya Jiji la Nairobi walitunga sheria yao ya vituo vya malezi mwaka wa 2017. Huku kwetu, anayetaka kufungua duka la nyama hukaguliwa mizani, kucha, na koti jeupe. Mimi sijawahi kusikia mwenye kituo akiulizwa na mkaguzi swali hili moja: mtoto akikusumbua, unamfanya nini?

4. Kuchapwa kwa alama

Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Tuliambiwa mtaala wa umilisi hautamshindanisha mtoto na mwenzake, na kwamba mtihani wa KPSEA wa gredi ya sita hauamui ataendelea wapi. Vizuri sana. Mbona basi mitihani ya kufungua muhula bado inasahihishwa na fimbo ikiwa kando ya rundo la karatasi, kiboko kimoja kwa kila alama iliyopungua chini ya shabaha? Aliyepata 38 alipokuwa ametakiwa apate 45 hujua hesabu ya kutoa vizuri kabisa kufikia wakati huo.

Najua shinikizo linatoka wapi. Mwenye shule ya kibinafsi anahitaji bango jipya lenye nyuso za watoto waliofaulu. Anamwambia mwalimu anayemlipa kidogo, tena kwa kuchelewa, kwamba darasa likishuka mkataba umekwisha. Mwalimu hana wa kumshukia isipokuwa aliye mbele yake, na huyo ana miaka kumi. Katika shule za umma shida ni nyingine: madarasa yamefurika kwa sababu mji umekua kuliko shule zake, na yule aliyeitwa mwalimu wa ushauri nasaha baada ya kiboko kufutwa alipewa cheo bila kupunguziwa hata kipindi kimoja. Hiyo ni dhuluma, na nitasimama na mwalimu akiidai haki yake barabarani. Siwezi kusimama naye akiidai mgongoni mwa mtoto.

Wala msiniambie kwamba bila kiboko masomo yataporomoka. Nchini Uganda, katika Wilaya ya Luwero, shule za msingi 42 ziliingizwa katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015. Nusu yake zilipewa mpango wa shirika la Raising Voices wa kubadilisha mwenendo wa shule nzima: walimu, wanafunzi, wazazi na uongozi wakikaa pamoja kwa miezi kumi na minane, wakiandika sheria zao na adhabu zisizo za mwili. Mwishowe, katika shule zisizokuwa na mpango huo takriban nusu ya wanafunzi walisema walifanyiwa ukatili wa mwili na wafanyakazi wa shule wiki iliyotangulia. Katika zile zenye mpango walikuwa kama thuluthi moja. Thuluthi bado ni wengi mno, nakubali. Lakini alama za mitihani hazikuanguka. Na Luwero si Uswidi. Ni walimu wenye mishahara kama yenu, na madawati kama yenu.

5. "Watoto wa siku hizi"

Kuna hoja nitakayojibiwa kabla wino haujakauka: tangu kiboko kiondoke, watoto wameharibika, wanachoma mabweni. Marehemu Profesa George Magoha, akiwa Waziri wa Elimu, alitaka kirudishwe Januari 2021 baada ya visa vya wanafunzi kuwashambulia walimu na kuchoma shule. Alikuwa mtu wa kusema wazi, na wengi hapa walimpigia makofi.

Basi tukumbushane yaliyotokea shuleni. St. Kizito, Meru, Julai 1991: wavulana waliwavamia wasichana bwenini usiku, wasichana 19 wakafa. Bombolulu, Kwale, 1998: moto, wasichana 26. Nyeri High, 1999: viranja wanne walifungiwa wakachomwa. Kyanguli, Machakos, Machi 2001: wavulana 67. Wanafunzi wa miaka hiyo walikuwa wamesoma tangu darasa la kwanza chini ya kiboko halali. Kama fimbo ingekuwa inazima moto, kizazi hicho kisingewasha kiberiti.

Wapo pia watakaonifungulia Mithali. Tuna makanisa mengi Gatongora na mahubiri hayo nimeyasikia. Nitawaachia wachungaji walijibu lao. Mwalimu haajiriwi na kitabu cha Mithali.

6. Kwa nini wazazi tunanyamaza

Hapa lawama ni yetu pia. Kwenye mikutano ya wazazi huinuka baba, akashika kipaza sauti na kusema, "Mwalimu, huyu wangu mchape, nimekupa ruhusa mimi," na ukumbi ukashangilia. Baba huyo ametoa ruhusa asiyokuwa nayo. Haki ya mtoto kutopigwa haiko mfukoni mwa mzazi hata aigawe. Halafu kuna fomu za kujiunga, katika shule kadhaa za huku, zenye mstari unaosema mzazi anakubali mtoto "arekebishwe kadiri shule itakavyoona inafaa". Unatia sahihi ukiwa umeshalipia sare.

Mzazi anayelalamika naye hupata nini? Nilikwenda shule moja, ambayo sitaitaja, kuhusu kiganja kilichovimba. Nilipokelewa vizuri, nikapewa chai na maandazi. Juma lililofuata mtoto alihamishiwa dawati la nyuma na kuanza kuitwa "mtoto wa wakili". Mimi si wakili. Wazazi wengine huhamisha watoto, wakafika shule ya pili wakakuta mpira wa bomba uleule. Nambari ya 116 ya kuripoti dhuluma dhidi ya watoto haina malipo na hupokewa usiku na mchana, lakini sijaiona ikiwa imebandikwa kwenye lango la shule hata moja katika njia ninazopita. Nimeona nambari ya kulipia karo. Ile imechorwa kwa rangi ya mafuta.

Maombi yetu

Mkurugenzi wa Elimu: tunaomba daftari lirudi, bila kiboko. Kila shule ya wadi hii, ya umma, ya kibinafsi na ya kanisa, iandike kila kosa zito, nani aliliamua, hatua gani ilichukuliwa na mzazi alijulishwa lini. Maafisa wako wa ubora walikague kila muhula, na wasikae ofisini kwa mwalimu mkuu wakinywa soda. Waingie darasani na kuzungumza na wanafunzi bila mwalimu kuwepo. Shule ambayo daftari lake ni tupu mwaka mzima ndiyo itembelewe kwanza.

Mkurugenzi wa TSC: sheria inamtaka kila anayefundisha, hata katika shule ya kibinafsi, awe amesajiliwa na Tume. Tunaomba ukaguzi wa usajili huo Gatongora, na tunaomba walimu waambiwe kwa maandishi, kwa lugha wanayoielewa wazazi pia, kwamba anayempiga mtoto anaweza kusimamishwa kazi na kufutwa katika rejista. Sambamba na hilo, wapeni mafunzo ya jinsi ya kuliongoza darasa kubwa. Mwalimu asipoonyeshwa njia nyingine atarudi kwa ile aliyochapwa nayo.

Waziri wa Kaunti: orodha ya vituo vyote vya kulelea watoto katika wadi, ibandikwe mahali tunapoweza kuisoma. Idadi ya juu ya watoto kwa kila mlezi. Leseni isitolewe wala kuhuishwa kabla mwenye kituo hajatia sahihi kwamba hakuna kupiga, kufinya, kufungia wala kunyima chakula. Ziara za ghafla, tena asubuhi. Ila nakusihi, msije mkafunga vyumba kwa pupa mbele ya kamera. Mkifunga thelathini leo, watoto wale kesho watakuwa katika vyumba vibaya zaidi, au watafungiwa nyumbani na dada yao wa miaka tisa. Wapeni wanawake hao muda, mafunzo na, ikiwezekana, magodoro. Kaunti inayojenga masoko haiwezi kushindwa na magodoro.

Wenye shule na walimu wakuu: mstari ule kwenye fomu ufutwe. Mipira, nyaya na fimbo zitoke katika chumba cha walimu kabla muhula ujao haujafunguliwa. Nambari ya 116 na ya afisa wa watoto zichorwe langoni, kwa rangi ileile ya karo. Na mtoto ambaye mzazi wake amelalamika asiguswe, asihamishwe dawati, asipewe jina.

Wazazi wenzangu hawana ombi hapa kwa sababu barua si yao, lakini yule baba wa kipaza sauti anajijua.

La mwisho ni baraza. Tunawataka nyote, wenyewe, si wawakilishi wenye kalamu na ahadi ya "kufikisha ujumbe". Iwe Jumapili alasiri baada ya ibada, kwa sababu siku za kazi hatupo, na Jumamosi nusu yetu tuko kazini hadi saa nane. Hema na viti tutakodi kwa mchango wa ploti, na kipaza sauti tutaazima kanisani. Kutoka kwenu tunahitaji tarehe tu. Muda tunaowapa ni siku ishirini na moja tangu barua hii isomwe. Tusipopata tarehe, tutaipanga sisi, tutawaalika wanahabari, na viti vya mbele tutaviandika vyeo vyenu.

Wenu mwaminifu,
Mzazi na mkazi, Gatongora

Nakala:
Afisa wa Watoto, Kaunti Ndogo ya Ruiru
Mwakilishi wa Wadi ya Gatongora, Bunge la Kaunti ya Kiambu